Kuona kwa rohoni: dhana potofu zinazowapoteza watafutaji

Nguzo nyingi za umeme jijini Dar es Salaam zimebandikwa matangazo ya waganga wanaoahidi kumwonyesha mteja mbaya wake. Katika baadhi ya mikusanyiko ya maombi ahadi hiyo hiyo hutolewa kwa lugha nyingine, kwamba macho ya rohoni yakifunguliwa utamjua jirani au mama mkwe aliyeifunga riziki yako. Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi kuhusu kuona kwa ndani, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko nyingine zote, kwa kuwa humpokea mtu aliyekuja kumtafuta Mungu na kumrudisha nyumbani akiwa na orodha ya maadui.

Ukweli ni kwamba mapokeo ya dini zinazofuatwa na wakazi wengi wa jiji hili huligeuza jicho hilo limtazame mwenyewe. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyeacha kufundisha Baghdad mwaka 1095 akiwa kwenye kilele cha sifa zake, ameeleza katika kitabu chake kiitwacho Ihya kwamba Mwenyezi Mungu akimtakia mja kheri humwonyesha aibu za nafsi yake, na kwamba mwenye jicho la moyo linalopenya hafichikiwi na kasoro zake. Kwa sisi ambao jicho hilo bado limefumba, ametaja njia nne: kukaa mbele ya sheikh anayeyajua maradhi ya nafsi; kumwomba rafiki mkweli akuangalie na kukuambia; kuyasikiliza yanayosemwa na maadui, maana adui haoni haya kutaja kasoro; na kuchanganyika na watu, kisha kila baya unaloliona kwao ukajikague nalo wewe. Inafaa kutazama nafasi aliyopewa adui katika mpango huo, kwa sababu ni mwalimu asiyelipwa. Injili ya Mathayo, sura ya 7, inasema jambo la karibu sana na hilo inapomtaka mtu aitoe kwanza boriti iliyo jichoni mwake, ndipo aone vema kukitoa kibanzi kilicho jichoni mwa ndugu yake.

Katika nchi yetu suala hili halikuishia kwenye mahubiri. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata anayemsingizia mwenzake uchawi, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Vikongwe wamekufa kwa sababu ya madai ya watu waliosema wameona. Anayedhani kwamba maono ya kumtaja mtu ni mambo ya faragha kati yake na Mola wake ayakumbuke hayo.

Dhana ya pili inakaa karibu na ya kwanza, nayo ni kwamba asiyeona nuru, sura au ndoto za ajabu hajafika popote, na kwamba anayeziona amekwisha kufika. Waliobobea wamesema vinginevyo. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefariki mwaka 1591, alifundisha kwamba maono yasitafutwe wala yasishikiliwe, hata yale yanayotoka kwa Mungu, kwa sababu kheri iliyokusudiwa humfikia mtu bila yeye kuing'ang'ania ile picha, ilhali anayeipenda picha huacha mlango wazi kwa udanganyifu na majivuno. Teresa wa Avila, mtawa mwenzake wa Hispania, alipata maono mengi, lakini hakuyafanya kipimo cha utakatifu; alitazama unyenyekevu na upendo kwa watu wanaoishi na mhusika.

Teresa huyo huyo anatusaidia katika dhana inayopendwa sana hapa mjini, kwamba kadiri mtu anavyojitesa ndivyo macho yake yanavyofunguka. Katika kitabu alichokiandika mwaka 1577 anamtaja mtu mmoja aliyekuwa akizama katika hali ya kupumbaa kwa muda wa saa 8, huku akidhaniwa kuwa amejazwa neema. Dawa iliyomponya ilikuwa kula, kulala na kupunguza kujinyima. Sayansi ya leo inaeleza sehemu ya sababu. Mtu asiyelala kwa siku kadhaa huanza kuona na kusikia visivyokuwepo, na anayepumua kwa nguvu na kwa kasi kwa muda mrefu, iwe katika mkesha wa maombi au katika dhikri (kumtaja Mungu kwa kurudiarudia), hupunguza hewa ya kaboni dioksidi katika damu, mishipa ya ubongo ikasinyaa, vidole vikafa ganzi na kichwa kikawa chepesi. Hali hiyo si dhambi, na ibada yenyewe haibatiliki kwa sababu yake, ila kuiita ufunuo ni haraka mno. Mtume Muhammad (S.A.W.) amesema kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ni kidogo, kipimo ambacho hata dereva wa bodaboda anakiweza.

Kuhusu madai ya mitandaoni kwamba jicho la tatu, yaani jicho la kuona yaliyofichika, ni tezi iliyo katikati ya ubongo, maelezo mafupi yanatosha. Tezi hiyo ipo, ina ukubwa unaokaribia punje ya mchele, na hutoa homoni ya melatonini inayosaidia kupanga usingizi. Kwa binadamu haioni chochote.

Wapo pia wanaoamini kwamba njia hii haihitaji mwalimu, kwa kuwa nyiradi zote, yaani dua na maneno ya kumtaja Mungu yanayosomwa kwa mpangilio, zinapatikana kwenye simu. Katika tarika (njia za kisufi za Kiislamu) za Qadiriya na Shadhiliya, zilizoota mizizi katika pwani hii, uradi hutolewa na sheikh mwenye ijaza, yaani idhini ya kufundisha, anayemjua mwanafunzi na kuona anapozidiwa. Wakatoliki nao wana walezi wa kiroho kwa kazi inayofanana na hiyo. Namba ya simu ya kutuma sadaka kabla ya kupewa ufunuo haimo katika utaratibu wowote kati ya hizo mbili.

Iliyobaki ni dhana kwamba aliyefunguliwa macho anaweza kuacha dawa. Mgonjwa wa kisukari, kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aendelee na dozi yake, na akitaka kufunga azungumze kwanza na daktari wake. Anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine, au anayekesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu huku akijiona ametumwa, apelekwe hospitali mapema. Muhimbili wanatoa huduma ya afya ya akili, na sheikh au mchungaji wake anaweza kufuatana na familia siku hiyo ya kwanza.