Mkutano mkuu wa kijiji darasani: wanafunzi wapewe nafasi ya kukataa taarifa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyezaliwa Mbagala au Tandale anaweza kukutajia mihimili mitatu ya dola bila kusita, lakini ukimuuliza nani mwenye kauli ya mwisho katika kijiji atakujibu kwamba ni mwenyekiti, na mwenzake atasema ni mtendaji. Majibu yote mawili si sahihi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, chombo cha juu katika kijiji ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote wa kijiji hicho waliotimiza umri wa miaka 18, wakiwa wamekusanyika. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, inawajibika kwa mkutano huo, na mwenyekiti naye ni mmoja wa wajumbe hao.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na walimu wa hapa Dar es Salaam ni kwa nini tuwafundishe watoto wa mjini habari za kijiji, ilhali Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zote ni mamlaka za miji, na ngazi ya chini wanayoijua watoto hao ni mtaa. Swali hilo ni la haki. Mtaa nao una mkutano wake, una kamati, una mwenyekiti anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano, kama ilivyofanyika tarehe 27 Novemba 2024. Ila mtaa hausimamii ardhi wala hautungi sheria ndogo, wakati halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ina utu wa kisheria: inaweza kushtaki na kushtakiwa, kuingia mikataba na kumiliki mali kwa jina lake. Mwanafunzi anayetaka kuelewa nini maana ya wananchi kujitawala ataielewa vizuri zaidi kwa mfano wa kijiji, kisha atarudi mtaani kwao akijua kipi kipo na kipi hakipo.

Ipo na sababu ya pili, iliyo karibu zaidi na mfuko wa mzazi. Familia nyingi za Dar es Salaam hutafuta mashamba katika vijiji vya Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo, na wengi huridhika wakishapata karatasi yenye mhuri na saini ya mwenyekiti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi au kutoa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji, kabla mkutano mkuu haujaridhia. Anayelijua hilo ataomba kuona muhtasari wa mkutano kabla hajahesabu fedha, na kijana aliyewahi kuandika muhtasari wa namna hiyo kwa mkono wake mwenyewe atajua autazame wapi.

Kwa sababu hizo, katika kazi yetu ya elimu kwa umma tumekuwa tukizisaidia shule kuendesha mkutano mkuu wa kijiji wa kuigiza. Wazo hili lina wenzake kwingineko. India, ambako mabadiliko ya 73 ya Katiba yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993 yaliuingiza mkutano wa wapiga kura wa kijiji, unaoitwa gram sabha, ndani ya Katiba yenyewe, serikali ilianzisha mwaka 2025 mpango wa kuuigiza mkutano huo katika shule za sekondari. Sisi tuna historia yetu ya kuwaeleza watoto: serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, sheria ya mwaka 1975 ikaunda mkutano mkuu na halmashauri katika kila kijiji kilichosajiliwa, na sheria za mwaka 1982 zikarudisha mfumo mzima, ambao leo umo katika ibara za 145 na 146 za Katiba yetu.

Maandalizi huanza wiki moja kabla. Tangazo la mkutano hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule likiwa na tarehe, mahali na ajenda, na siku yenyewe mwanafunzi mmoja hupita akipiga mbiu, maana mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na watoto hulipenda zoezi hilo kuliko yote. Darasa la wanafunzi 60 linatosha kabisa: mwenyekiti, mtendaji ambaye ndiye katibu, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa halmashauri, na waliobaki, ambao ndio wengi, wawe wanakijiji. Hapa nasisitiza jambo ambalo walimu hulipuuza. Wanakijiji si watazamaji. Kila mmoja apewe kikaratasi kinachosema yeye ni nani, ana shamba la ukubwa gani, amelipa mchango au hajalipa, na mtoto wake anasoma wapi, kwa sababu mtu asiye na cha kupoteza katika mkutano hana cha kuuliza.

Ajenda zifuate utaratibu wa kawaida: kufungua, kuhakiki akidi (idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali), kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya mapato na matumizi, ajenda mahususi, mengineyo, kufunga. Katika hizo zote, kiini cha somo ni taarifa ya mapato na matumizi, na hapo ndipo mwalimu anapaswa kutumia muda wake mwingi.

Taarifa tunayoitumia ni ya kijiji cha kubuni. Inaonyesha baki la robo iliyopita shilingi 620,000, michango ya kaya 310 kwa shilingi 5,000 kila moja, na kodi ya eneo la mnara wa simu shilingi 900,000, hivyo jumla ya mapato ni shilingi 3,070,000. Upande wa matumizi kuna mabati 60 ya darasa kwa shilingi 1,680,000, posho za vikao 540,000, usafiri 250,000 na shajala 120,000. Mwisho wa ukurasa imeandikwa kwamba baki ni shilingi 380,000. Ukikokotoa utapata 480,000. Laki moja haipo, na hatumwambii mtu yeyote kabla ya mkutano.

Mara ya kwanza nilipoliona zoezi hili katika shule moja ya wilaya ya Temeke, mwenyekiti aliisoma taarifa kwa sauti nzuri, akauliza kama imepokelewa, wanakijiji wakaitikia kwa pamoja kwamba imepokelewa na wakapiga makofi. Haikuchukua dakika mbili. Wanafunzi hao walikuwa hodari wa hesabu, na kosa lile lisingewashinda kwenye daftari. Kilichowashinda ni kusimama mbele ya kiongozi na kusema kwamba hesabu haifungi, kwa kuwa tangu utotoni wamefundishwa kwamba mkutano wenye nidhamu ni ule usio na maswali. Niliondoka pale nikiwa na huzuni, na tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba ufahamu wa sheria peke yake unamfanya mtu awe raia kamili.

Tulichobadilisha baadaye ni kidogo. Taarifa sasa hubandikwa siku tatu kabla ya mkutano, stakabadhi huwekwa mezani, na wanafunzi huambiwa wazi kwamba mkutano mkuu una haki ya kuikataa taarifa na kuirudisha kwa halmashauri. Katika shule nyingine, binti mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa chini ya mwembe alinyoosha mkono na kusema, kwa adabu na bila kutetemeka, “Ndugu mwenyekiti, naomba utusomee tena baki, maana mimi nimepata shilingi laki nne na elfu themanini.” Mwenyekiti alijaribu kuendelea na ajenda inayofuata. Wanakijiji walikataa. Mtendaji akatakiwa kuleta hati za malipo, hakuwa nazo, na mkutano ukaazimia kwamba taarifa hiyo isipokelewe hadi maelezo yaletwe. Mwalimu wa darasa alitaka kuingilia ili kurudisha utulivu, nikamwomba aache, kwa kuwa kelele zile zilikuwa na utaratibu ndani yake: kila aliyesema alinyoosha mkono kwanza.

Ajenda mahususi tunayoipendekeza ni ombi la mtu kutoka mjini anayetaka ekari kadhaa za ardhi ya kijiji. Hapa watoto hujifunza kwamba halmashauri hupokea na kuchambua ombi, lakini haiwezi kumaliza jambo bila mkutano mkuu, na kwamba mgogoro ukizuka lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Sheria ndogo nazo zinaweza kuwa ajenda ya siku nyingine, ilimradi wanafunzi waelewe kwamba halmashauri ya kijiji huandaa, mkutano mkuu hujadili, na halmashauri ya wilaya huidhinisha ndipo zianze kutumika.

Kuhusu wasichana sina budi kusema neno. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na mara nyingi shule hutimiza robo hiyo kisha huwapa wasichana kazi ya kuimba wakati wa kufungua. Nafasi ya mwenyekiti ipigiwe kura ya siri, na wagombea wawe wa jinsia zote mbili. Pale ambapo hilo limefanyika, sijaona darasa likikosa msichana wa kuongoza.

Mkutano mmoja hautoshi. Kijijini hukutana kila baada ya miezi mitatu, na shule inaweza kukutana tena baada ya wiki mbili au tatu, wanafunzi wakiwa katika nafasi zilezile, ili muhtasari usomwe na mtendaji aulizwe, chini ya yatokanayo, ile laki moja imefikia wapi. Baada ya hapo, kwa kuomba ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa mapema, mwalimu awapeleke wanafunzi wachache kuketi pembeni katika mkutano halisi wa mtaa wao. Waende na daftari moja tu, na waandike humo ni maswali mangapi yaliyoulizwa baada ya taarifa ya fedha kusomwa, na nani aliyeyauliza.