Huduma shufaa haingoji siku za mwisho
Bukavu, kama kwingineko, wapo wauguzi wanaoamini kwamba huduma shufaa, yaani kumpunguzia maumivu na mahangaiko mgonjwa wa maradhi mazito, huanza matibabu yanaposhindikana, hivyo hawaoni haja ya kuisomea kwa intaneti. Kwa kweli huanza mapema, sambamba na matibabu ya saratani au ya moyo. Kozi ya mtandaoni inaweza kufundisha vizuri kupima maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kwa nini mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayofunga choo na inayotolewa kila baada ya saa 4, huandamana na dawa ya kulainisha choo, jambo linalosahaulika na kuwatesa wagonjwa bure. Lakini kujifunza kuzungumza na familia kando ya kitanda kunahitaji msimamizi aliye karibu. Anayetaka kuhakikisha kozi inamfaa asome muhtasari wa kozi kabla ya kujiandikisha, kisha aulize nani atamsimamia wodini.