Eagles hawakuzaliwa California

Wengi huamini kwamba Eagles, bendi ya roki ya Marekani, ni bendi ya wazawa wa California. Bendi iliundwa Los Angeles mwaka 1971, ni kweli, lakini waanzilishi wote wanne walikuwa wahamiaji: Glenn Frey alitoka Detroit, Don Henley Texas, Randy Meisner Nebraska, naye Bernie Leadon alizaliwa Minnesota. Leadon ndiye aliyepiga banjo, na hapo ndipo ladha ya muziki wa kantri iliposikika waziwazi.

Albamu ya kwanza, ya 1972, sehemu kubwa ilirekodiwa London chini ya mtayarishaji Glyn Johns. Hata wimbo “Hotel California”, uliokoleza dhana hiyo, ulirekodiwa Miami. Mzawa halisi wa California, Timothy B. Schmit wa Oakland, aliingia mwaka 1977, Meisner alipoondoka.