Kwa nini mnunuzi wa jina la tovuti hunyamaza akishatajiwa bei?

Je, wajua kwamba mtu aliyekuandikia mwenyewe kuuliza bei ya jina la tovuti, ukamjibu siku ile ile, kisha akanyamaza miezi mitano, huenda bado analitaka jina hilo? Mimi sikulijua hili. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kimya ni jibu, na kwamba maana yake ni moja tu: bei imemshinda. Imani hiyo ilinipotezea dola 600 kwa jina moja, na nimewaona wenzangu hapa Lamu na kule Malindi wakiingia shimo lile lile. Kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kwanza machache kuhusu biashara yenyewe. Jina la tovuti, ambalo vitabu huliita jina la kikoa na vijana huliita domeni, ni anwani unayoandika ili ufike kwenye tovuti. Mfumo wa majina haya ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na jina la kwanza la .com, symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985. Majina ya .ke, yaani ya Kenya, yako chini ya KeNIC, shirika linaloyasimamia, na ya .com hufuata kanuni za ICANN, shirika la kimataifa linaloratibu majina ya tovuti. Jina halinunuliwi likawa lako daima. Hulipiwa kwa mwaka, na la .com laweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele. Aliyelisajili mapema anaweza kumwuzia anayelihitaji baadaye. Wakati wowote jina lina mwenyewe mmoja tu, na hapo ndipo mambo yote yanayofuata yanapoanzia.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na jina la maneno mawili ya Kiswahili, la mashua na safari. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeanza na wageni wamekwisha ondoka, mtu mmoja wa Ulaya aliniandikia kuuliza kama jina linauzwa. Nikamjibu: dola 1,200. Kimya. Baada ya wiki mbili nikamwandikia kwamba nimempunguzia, dola 900. Kimya. Juni nikashuka tena, dola 600. Oktoba akajibu kwa mistari miwili: amekubali 600, na niwie radhi kwa kuchelewa, alikuwa akimngoja mshirika wake amalize kuandikisha kampuni. Tulipokwisha uziana aliniambia bila kuficha kwamba 1,200 zilikuwa zimetengwa tangu wiki ya kwanza.

Barua zangu mbili hazikumharakisha hata kwa siku moja, kwa sababu bei haikuwa kizuizi. Kazi ziliyoifanya ni kumfundisha kwamba kila akinyamaza, mimi nashuka. Angengoja mpaka Desemba, pengine ningemfikisha 300 kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nikipatana bei na nafsi yangu, naye amekaa pembeni anatazama.

Kosa hili linatoka mahali panapoeleweka, yaani sokoni. Mteja akiuliza bei ya tafi au changu, akageuka akaenda zake, kwa kweli bei imemshinda, au ameona fungu zuri kwa jirani. Samaki wapo wengi. Bei ya leo inajulikana na kila aliyeshika kikapu. Na jua likipanda, samaki anaharibika. Muuzaji anayeshusha bei kabla ya adhuhuri ana akili timamu, na sisi tuliokulia karibu na soko tumeibeba akili hiyo mpaka kwenye barua pepe.

Lakini jina la tovuti halina hata moja kati ya hayo matatu. Halina fungu la jirani, kwa sababu ni moja peke yake. Halina bei ya leo: mwaka 2019 kampuni ya Block.one ilinunua voice.com kwa dola milioni 30, ilhali maneno mengine mengi ya Kiingereza, mafupi na mazuri vile vile, hayajawahi kukaribia hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Tena haliozi. Likilipiwa, lipo. Kwa hiyo kimya cha mteja wa samaki kinakwambia kitu kuhusu bei, na kimya cha mteja wa jina hakikwambii karibu chochote.

Aliyenifungua macho ni fundi wa nakshi, mzee ambaye karakana yake iko upande wa pwani hapa mjini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiuona mlango mmoja wa mbambakofi umeegemezwa ukutani pale: miimo imekwisha chongwa, mfaa wa katikati una maua kutoka juu mpaka chini, na vumbi limeingia ndani ya kila ua. Siku moja nikamwuliza.

"Ami, yule mteja wa mlango amepotea?"

"Hajapotea, mwanangu. Nyumba yake haijafika kizingiti."

Fikiria jambo hilo taratibu, maana ndilo lote. Mtu anayejenga huanza kutafuta mlango mapema, pengine kabla hata msingi haujachimbwa, kwa sababu mlango ndio sehemu ya nyumba anayoiona akifumba macho. Anakuja kwa fundi, anapapasa nakshi, anauliza bei, anaondoka. Baada ya hapo anapambana na mawe, na chokaa, na mafundi wasiotokea, na kibali. Mlango hana pa kuutia. Ukimpigia simu kila wiki kumwambia umempunguzia, humsogezi mbele hata tofali moja, kwa maana kilichomkwamisha ni ukuta. Siku ukuta unapofika usawa wa kizingiti, mlango unageuka ghafla kuwa kitu kinachotakiwa leo, na fundi atakayekumbukwa ni yule ambaye mlango wake bado upo na bei yake haijayumba.

Jina la tovuti ni mlango wa aina hiyo. Huulizwa mwanzoni kabisa, mradi ukiwa ndoto, na hulipiwa baadaye sana. Katikati pana ukuta: kampuni haijaandikishwa, mkopo haujatoka, mshirika hajakubali, bodi hukutana mara nne kwa mwaka. Watu wa utalii wana ukuta wa ziada, nao ni msimu. Mwenye nyumba ya wageni Shela au Watamu huwaza tovuti mpya wakati wa masika, vyumba vikiwa vitupu, lakini fedha humjia wageni wakirudi. Anauliza mwezi wa Aprili na analipa mwezi wa Desemba. Kwa mtu wa namna hiyo, miezi minane ya kimya ni mwendo wa kawaida.

Nisije nikajenga kosa jingine juu ya la kwanza, lazima niseme kwamba si kila kimya ni cha ukuta. Kuna anayeuliza majina 20 kwa siku moja na kununua moja. Kuna karani aliyetumwa kuuliza tu, asiye na uamuzi wowote. Na kuna ambaye barua yako haikumfikia kabisa. Hili la mwisho ni la kulitazama mapema, kwa sababu dawa yake iko mikononi mwako. Tangu Februari 2024 Google inataka kila anayewaandikia watumiaji wa Gmail awe na angalau moja kati ya SPF na DKIM. SPF hutangaza ni seva zipi zimeruhusiwa kubeba barua zako. DKIM huigonga barua muhuri. Anayetumia kisanduku cha kawaida cha Gmail amekwisha fanyiwa kazi hiyo, lakini anayetuma kutoka kwenye anwani ya tovuti yake mwenyewe bila kuyapanga haya, barua zake zinaweza kuishia kwenye taka, naye anabaki kumlaumu mnunuzi. Ukimkumbusha mtu, mjibu ndani ya mazungumzo yale yale aliyoyaanzisha yeye. Hapo ataona swali lake mwenyewe chini ya barua yako.

Kuna pia kimya cha makusudi, na hiki kina ufundi wake. Tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika Mei 2018, majina ya wamiliki wa tovuti kwa kawaida hufichwa kwenye rejesta ya umma, lakini tarehe ya kwisha ya jina bado inaonekana na yeyote. Mnunuzi mjanja huitazama. Akiona jina lako linakwisha baada ya miezi miwili, anajiuliza: ya nini kulipa 1,200, labda huyu ataliacha? Basi ananyamaza na kungoja embe lidondoke.

Embe hilo halidondoki siku ile ile. Jina la .com likiisha muda, msajili, yaani kampuni uliyolisajilia jina, anaweza kulishikilia hadi siku 45, na kwa kawaida mwenyewe bado anaweza kulirudisha kwa kulilipia. Likifutwa hapo, huingia kipindi cha ukombozi cha siku 30, ambapo kulirudisha kuna ada ya juu zaidi. Kisha siku 5 za mwisho, ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Jumla yake ni hadi siku 80. Tena chini ya mwembe huo hayuko peke yake: zipo kampuni ambazo kazi yao ni kuyadaka majina dakika ile ile yanapoachwa. Mnunuzi aliyengoja kwa utulivu anaweza kulikuta jina kwa mtu mwingine, kwa bei ambayo hakuitegemea.

Ukilijua hili, unapata ukumbusho usio na neno hata moja. Kabla sijamwandikia mnunuzi aliyenyamaza, hulilipia jina miaka miwili au mitatu mbele. Gharama yake kwa .com ni ndogo ukiilinganisha na bei ya mauzo. Yule aliyekuwa akiitazama tarehe ataona imesogea, na hesabu yake ya kungoja imevunjika bila mimi kumtishia wala kumbembeleza.

Ndipo naandika. Barua yangu ya kwanza huenda baada ya wiki moja hivi, ya pili baada ya mwezi, na baada ya hapo mara moja kila robo ya mwaka, nikiangalia msimu wa biashara yake. Huangalia pia saa: saa tatu asubuhi ya Lamu ni saa tano usiku wa jana kule California wakati wa kiangazi chao, na barua inayofika usiku huzikwa na za asubuhi. Yaliyomo ni haya tu: "Habari za siku nyingi. Mwezi wa Aprili uliniuliza kuhusu jina hili. Bado lipo na bei ni ile ile. Je, mradi unaendelea, umesimama kwa sasa, au mmekwisha chagua jina jingine? Neno moja linatosha." Swali la bei halimo. Linaloulizwa ni ukuta umefika wapi, na hata "tumechagua jingine" ni jibu ninalolishukuru, kwa sababu linanitoa kwenye kungoja. Punguzo silitoi mpaka yeye mwenyewe ataje kiasi. Akikitaja, tunapatana kama watu wawili, na fedha hupitia huduma ya amana inayozishika mpaka jina limehama.

Tahadhari mbili. Mapishi mengi utakayopewa, kwamba barua ya tatu ndiyo inayouza au kwamba Jumanne ni siku njema, yameegemea simulizi za waliofanikiwa; mauzo mengi hufungwa kwa siri, na barua 10 zisizojibiwa hazina anayezisimulia. Ratiba yangu mwenyewe ichukue kwa kipimo hicho. Ya pili ni nzito zaidi. Haya yote yanamhusu mnunuzi aliyekuja mwenyewe. Ukimwandikia mtu asiyekuuliza chochote, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaweka mipaka juu ya kutumia taarifa za mtu kumtangazia biashara. Na ukimsonga mwenye alama ya biashara anunue jina linalofanana na lake, barua zako zinaweza kugeuka ushahidi wa nia mbaya chini ya utaratibu wa kusuluhisha migogoro ambao ICANN iliuweka mwaka 1999, ukanyang'anywa jina bila malipo. Huyo usimkumbushe hata mara moja.

Ule mlango uliondoka mwezi wa Novemba. Niliuona ukishushwa gatini kuelekea Shela, vijana wanne wameubeba, miimo imefungwa magunia ili nakshi isigongwe, na ami amesimama juu ya ngazi akiwaelekeza waulaze ubavu ndani ya mashua. Nilimwuliza kama mteja alipunguziwa. Akasema hakuulizwa.