Kipepeo mkubwa kuliko wote Afrika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Papilio antimachus ndiye kipepeo mkubwa kuliko wote barani Afrika. Makao yake ni misitu ya mvua, kuanzia Sierra Leone hadi Kongo na magharibi mwa Uganda. Dume akitandaza mabawa huvuka sentimita 20. Mweke juu ya rula ya mwanafunzi, theluthi mbili imekwisha.

"Hana mkia, basi si wa jamii ya mkia-mbayuwayu."
Jamii hii ya vipepeo imepewa jina kwa sababu wengi wao mabawa ya nyuma yana ncha ndefu kama mkia wa mbayuwayu. Mkia kweli hana. Lakini jamii hii haijulikani kwa mkia tu, mtazame kiwavi. Nenda kwenye mndimu au mchungwa wa nyumbani, huenda ukamkuta kiwavi wa ndugu yake, Papilio demodocus, mnene, wa kijani. Mguse taratibu kwa kijiti. Nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali itakupiga puani. Hicho ndicho kitambulisho cha ukoo wote.

"Aliye mkubwa ni jike."
Kwa vipepeo wengi ndivyo, kwa huyu sivyo. Dume ndiye mkubwa, mwenye mabawa marefu na membamba.

"Vumbi la mabawa yake hupofusha."
Wengi wetu tulikatazwa hivyo utotoni. Lile vumbi ni magamba madogo mno, ndiyo yanayompa rangi. Ukiyapukutisha, anayeumia ni yeye. Sumu anayo, tena ya kuvuruga moyo, lakini imo mwilini mwake, kinga dhidi ya ndege wanaotaka kumla. Haumi wala hachomi.

"Wanaoonekana mtoni ndio wote waliopo."
Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Wanaoshuka kwenye mchanga wenye unyevu kando ya mito, kufyonza maji na chumvi zake, ni madume. Majike hukaa juu kwenye vilele vya miti, na hata wataalamu huwaona kwa nadra sana. Kuwahesabu wa mtoni peke yao ni sawa na kuhesabu wanaume waliokaa barazani, kisha ukasema umehesabu kijiji.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kuwazuia wenye nyavu za kukamata vipepeo kunatosha kumlinda. Mti mrefu ukiangushwa, maskani ya majike yameanguka nao, hata kama mchanga wa mto haujaguswa.