Mtazame mtu mzima kabla ya kusubiri dalili za mtoto

Wazazi huniuliza zaidi dalili za mtoto aliyekwisha kudhurika kingono. Mtoto anapoanza kukojoa kitandani, kushuka darasani au kukataa shule, anayemwinda huwa ameshamzoesha kwa wiki au miezi. Dalili za mapema ziko kwa mtu mzima, na nyingi zinaonekana mchana kweupe.

Anayewinda huanza kwa kuchagua mtoto mwenye upungufu: anayelelewa na bibi mzee, anayesakamwa kwa michango, anayetembea mbali kufika shule. Kisha huja wema: madaftari, taulo za kike, hela ya chipsi, lifti ya pikipiki. Walimu wengi husaidia wanafunzi kwa moyo safi, kwa hiyo msaada peke yake si dalili. Angalia kama unatolewa waziwazi. Mwalimu mwema humshirikisha mzazi au mwalimu wa malezi, anayewinda humwambia mtoto, "Usiwaambie wenzako, watakuonea wivu." Siri hiyo ndogo ni kipimo. Mtoto akiitunza, atapewa nyingine kubwa zaidi.

Baada ya siri hutafutwa faragha. Twisheni ya mwanafunzi mmoja, kutumwa kupeleka madaftari nyumbani kwa mwalimu, kumchotea maji, kubakizwa ofisini wenzake wakishaondoka, meseji za WhatsApp usiku. Hapo huanza utani kuhusu mwili na mguso unaofanana na bahati mbaya, ili aone kama mtoto atasema. Wavulana nao hutegwa hivyohivyo, na kocha au mlezi wa bweni, na inaniuma kwamba kwao tunachelewa zaidi kushtuka.

Usingoje umfumanie mtu. Andika tarehe, saa, mahali na ulichokiona kwa macho, si unachokihisi. Tukio moja huwa na maelezo yake. Matano ya mtu yuleyule na mtoto yuleyule yanatosha kutoa taarifa.

Kuna mambo mawili yanayoharibu kesi. La kwanza ni kumvaa mtuhumiwa: atafuta meseji, atamtisha mtoto au ataomba uhamisho. La pili ni kumhoji mtoto kwa maswali yenye majibu ndani yake, kama "Alikushika, siyo?" Muulize, "Ilikuwaje?" kisha nyamaza, umsikilize. Andika maneno yake vilevile alivyoyatamka. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu.

Kwa Tanzania, piga 116 bila malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa mtoto anapotendewa vibaya, hata asiye ndugu yake. Ikiwa mtoto ameshaingiliwa, mfikishe hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Na uongozi wa shule ukitaka mambo yaishe kifamilia, msikae kikao hicho, nendeni polisi.