Kinga ya mwili hulishwa, haiongezwi

Wiki hii nimeisikia kauli ya "kuongeza kinga" mara tatu, na mara ya mwisho ilitoka kwa mtu ninayemheshimu. Alikuwa amemshikia mgonjwa wa mafua kikombe cha maji ya limau, akamwambia, "Kunywa, yanaongeza kinga." Nia ilikuwa njema kabisa. Neno "kuongeza" ndilo lililokosea njia.

Kinga ya mwili ni jumla ya vyote vinavyozuia vijidudu visituingie na kupambana na vilivyokwisha kuingia: ngozi, ute wa puani, asidi ya tumboni, seli nyeupe za damu, na zile protini ziitwazo kingamwili. Maana yenyewe ni hiyo tu, wala si ngumu.

Sasa tulitazame neno kinga. Kitenzi chetu ni kukinga. Jua likikuchoma machoni, unakinga kwa kiganja. Mvua ikinyesha, unakinga ndoo chini ya paa. Gogo likianguka na kulala njiani, tunasema limekingama. Kotekote kuna kitu kilichotiwa katikati ya hiki na kile, na ukiondoa mkono, kukinga kumekwisha. (Kinga cha kwenye methali, "kinga na kinga ndipo moto uwakapo," ni neno jingine kabisa: hicho ni kipande cha ukuni unaowaka, wingi wake vinga.)

Lugha nyingi za Ulaya zilipita njia nyingine. Zilichukua neno la Kilatini immunis, yaani mtu aliyesamehewa kodi na majukumu ya umma. Maana hiyo nasi tunayo katika sheria, tunaposema balozi ana kinga ya kidiplomasia: hashtakiwi. Nadhani wengi wetu tunaisikia kinga ya mwili kwa sikio hilo la kisheria, kana kwamba mwenye nayo haguswi. Lakini mwenye afya njema huguswa na vijidudu kila siku ya maisha yake. Kinachomwokoa ni kazi inayofanyika baada ya kuguswa, na kazi haipimwi kwa ujazo kama maji ya mtungi.

Hapo ndipo "kuongeza" kunaponisumbua. Chanzo chake, kwa maoni yangu, ni UKIMWI. Wengi wetu tulilikuta neno kinga mara ya kwanza ndani ya jina hilo, Upungufu wa Kinga Mwilini, na mantiki ya lugha ikatusukuma: kinachopungua huongezwa. Katika ugonjwa ule upungufu ni wa kweli na unahesabika. Virusi huziangamiza seli za CD4, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Ila kinachozirudisha ni dawa za kufubaza virusi. Mgonjwa anahitaji lishe nzuri pamoja na dawa zake, na anayemwambia kwamba kitunguu saumu "kitaongeza kinga" badala ya dawa anamhatarisha maisha.

Kwa mwingine yeyote, jiulize ungeongeza nini hasa. Chukua kidole kilichochomwa na mwiba. Baada ya siku moja kimevimba, chekundu, kina joto, na pembeni kuna usaha. Mwiba haukuleta hata kimoja cha hivyo. Uvimbe na joto ni damu iliyoitwa kuja kusaidia, na sehemu kubwa ya usaha ni seli nyeupe zilizokufa kazini. Homa nayo ni kinga, hata makamasi ya yule mgonjwa wetu. Kinga ikizidi kipimo huzaa mzio, na ikikosea adui huushambulia mwili wenyewe, kama inavyoonekana katika yabisi baridi, pale viungo vinapoliwa na walinzi wao. Hakuna daktari anayemtakia mtu kinga nyingi.

Chakula kinaingia wapi, basi? Kwenye malighafi. Seli nyeupe nyingi huishi siku chache tu, na uboho wa mifupa hutengeneza mabilioni mapya kila siku. Kingamwili ni protini, na protini hutoka kwenye maharage, mayai, samaki. Utando wa ndani ya pua, koo na utumbo unahitaji vitamini A, na karoti na mboga za majani zinatupa. Zinki imo kwenye nyama, mbegu na kunde. Vyote ni vyakula vya kawaida, na vinafanya kazi kwa kuliwa mara kwa mara, muda mrefu kabla ya kuugua.

Sifa ya limau ina asili yake ya haki. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, akawapa tiba tofauti, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wote. Walipona kwa sababu walikuwa wamekosa vitamini C. Aliyeshiba vitamini hiyo akizidisha, ziada hutoka na mkojo. Vitamini A haitoki kirahisi hivyo: hukaa kwenye ini, na vidonge vyake vikizidi hudhuru.

Kwa hiyo mwache mgonjwa wa mafua anywe maji yake ya limau. Anahitaji maji, na koo linalowasha litapoa kidogo. Mwambie, "Kunywa, usikaukiwe." Na siku akiwa mzima, mbele ya sahani ya maharage na mboga, kitenzi ninachokuomba utumie ni kulisha: "Kula, uilishe kinga yako."